Namna ya Kuunyoosha Mkangazi Mbele ya Kiwavi wa Ncha

Mkangazi ukipandwa kwenye udongo mzuri wenye unyevunyevu hauna ukaidi. Mche hushika haraka, shina hunyooka, na kabla mwaka haujaisha mwenye shamba ameshaanza kupiga hesabu za mbao. Kisha masika yanaingia, mti unatoa machipukizi laini, na ndani ya wiki chache ncha ya juu kabisa inalegea, inainama, inageuka nyeusi na kukauka. Chini ya ncha hiyo iliyokufa mti unatoa matawi mapya matatu, manne, hata matano, kila moja likitaka liwe shina. Msimu unaofuata na hayo yanakatika vichwa. Baada ya miaka mitatu ya namna hiyo mkulima anabaki na kichaka chenye kivuli kizuri, kisichoweza kutoa ubao hata mmoja.

Anayeleta balaa hilo ni nondo mdogo wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, ambaye vitabu vya misitu humtaja kwa jina la Hypsipyla robusta. Mchana humwoni, maana hutulia majanini. Usiku jike huruka na kutaga mayai, moja hapa na mawili pale, kwenye chipukizi changa, kwenye makovu ya majani yaliyodondoka au kwenye mishipa ya jani. Baada ya siku chache yai huanguliwa. Kiwavi hutafuna kidogo nje, pengine kwenye mshipa mkubwa wa jani, kisha hutoboa na kuingia katikati ya chipukizi, na huko ndani hula moyo wake akielekea chini. Akikomaa hugeuka pupa humo humo ndani ya tundu au kwenye udongo, na baadaye hutoka nondo mpya. Katika joto la nchi zetu mzunguko wote huchukua mwezi mmoja hadi miwili, kwa hiyo msimu mmoja wa mvua waweza kulea vizazi zaidi ya kimoja.

Wenzetu wa Amerika ya Kati na Kusini wana ndugu yake, Hypsipyla grandella, anayeharibu mahogani na misederela yao kwa mtindo huo huo. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba mwaka 1996 wataalamu wa misitu kutoka nchi nyingi walikutana Kandy, Sri Lanka, kuwajadili nondo wa jamii hii tu. Mpaka leo hakuna dawa moja ya kuwamaliza. Nalisema hili mapema kwa sababu naona wakulima wengi wakijaribu mikangazi michache, wakiona ncha zimekauka, na kuhamia kwenye mitiki kwa hasira. Mtiki ni mti mzuri, na kiwavi huyu haugusi. Lakini mkangazi ni mti wetu, uliozoea mabonde na kingo za mito ya Tanzania, na mbao zake zinatafutwa. Tangu mwaka 2022, kwenye mkutano uliofanyika Panama, mikangazi ya Afrika imeingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, maana yake biashara ya kimataifa ya mbao zake sasa inahitaji vibali. Ya msituni inazidi kulindwa, nasi tunahitaji ya shambani.

Kwa hiyo kubali kuwa nondo atakuwapo, kisha jiwekee lengo dogo linalofikika: gogo moja lililonyooka, lenye urefu wa mita 6 kutoka ardhini. Gogo hilo la kwanza ndilo lenye thamani kubwa ya mti mzima. Shina likishapita hapo, kiwavi akikata ncha juu atafanya kilele kiwe na matawi mengi tu, na hilo halimuumizi mwenye mti. Kwenye udongo mzuri mkangazi hupanda mita moja au zaidi kwa mwaka, kwa hiyo tunazungumzia ulinzi wa miaka minne hadi sita. Baada ya hapo unaweza kuuacha ukajinenepea wenyewe.

Ulinzi huo huanzia kwenye mbegu. Tunda la mkangazi ni ganda gumu la mviringo ambalo likikomaa hupasuka na kuachia mbegu bapa zenye ukingo kama bawa. Okota chini ya miti yenye mashina marefu yaliyonyooka, hasa ile iliyoota mahali ambapo mingine jirani imepinda. Mti wa namna hiyo pengine umewahi kukatwa ncha nao ukarudisha shina moja lenye nguvu, na tabia hiyo ndiyo unayoitaka kwa watoto wake. Kagua kila mbegu, kwa kuwa viwavi hawa hula pia mbegu ndani ya tunda: yenye tundu au unga tupa mbali na kitalu. Otesha mapema, maana mbegu za mkangazi hupoteza uhai haraka zikikaa.

Kama unanunua miche, usiikubali kwa kutazama majani tu. Pitisha kidole kwenye shina la kila mche kutoka juu hadi chini. Ukikuta uvimbe, tundu dogo, au unga wa kahawia ulioshikana kwa nyuzi nyembamba kama za buibui, mche huo una mgeni ndani. Mwenye kitalu akikwambia utapona, muombe akubadilishie. Chukua miche yenye shina moja, mizizi isiyojikunja chini ya mfuko, na urefu usiopungua sentimita 30.

Uchaguzi wa mahali una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mkangazi unapenda udongo wenye kina na maji ya kutosha, mfano wa bonde au kando ya mto usiotuamisha maji. Ukiupanda kwenye kichanga kikavu hautakufa, lakini utajikongoja, na kila mwaka unaoongezeka ukiwa chini ya mita 6 ni mwaka mwingine wa kumlisha nondo. Shimo pana, mbolea ya samadi iliyooza na palizi ya kudumu katika miaka miwili ya kwanza ni sehemu ya vita hii, hata kama havifanani na dawa ya wadudu.

Sasa kivuli, jambo ambalo watu wanalibishania sana. Mkangazi ulio juani mahali peupe hukua mbio na hutoa machipukizi manene, matamu, yanayoonekana kutoka pande zote, na hivyo hushambuliwa zaidi. Ulio chini ya kivuli kizito hushambuliwa kidogo lakini hudumaa. Njia inayofaa ni ya katikati: mti uwe na kuta pembeni na uwazi juu. Mwanga ukitoka juu tu, shina hulazimika kuufuata na kwenda wima, matawi ya ubavuni hujifia yenyewe, na ncha ikikatwa mti hurudisha machipukizi machache kuliko ulio juani.

Kwa mkulima mwenye eka moja au mbili, ukuta wa bei rahisi kuliko wote ni mbaazi. Panda mistari miwili ya mbaazi kila upande wa mstari wa mikangazi, mita moja au zaidi kutoka kwenye mche, msimu mmoja na miche yenyewe. Kabla mkangazi haujawa mrefu, mbaazi zimeshaupita, na unavuna chakula wakati unalinda mbao. Mbaazi zikichoka baada ya miaka miwili hivi, migomba au miglirisidia iwe imeshachukua nafasi yake. Mwenye eneo la kichaka au msitu wa zamani uliochoka asilifyeke lote. Akate mikuza yenye upana wa mita 2 kupitia kichaka hicho, apande mikangazi katikati ya mkuza, na kila mwaka apunguze matawi yanayofunika juu bila kugusa yanayoziba pembeni.

Usijaze shamba zima kwa mkangazi. Mita 10 kwa 10, yaani miti 100 kwa hekta, katikati ya miti mingine na mazao, inatosha. Hapo kati weka miti isiyo chakula cha nondo huyu: michungwa, miembe, mikorosho, hata mitiki. Mwarobaini nao unaingia humo bila shida. Ingawa ni wa ukoo mmoja na mkangazi, uko tawi lingine la ukoo huo na kiwavi wa ncha haushambulii.

Kuna wanaoshauri kuachana na mkangazi na kupanda msederela kutoka Amerika, kwa sababu nondo wa Afrika haupendi. Kweli haupendi, na unakua haraka sana. Lakini mbegu zake zinasafiri na upepo, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, msederela umevamia na kuisukuma miti ya asili. Aliye jirani na msitu wa asili namsihi asiupande kabisa.

Nije kwenye rafiki mkubwa aliyesahaulika: maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota na kuuma bila huruma. Watu wa Unguja na Pemba, Tanga na Mtwara hawahitaji kutambulishwa kwao. Utafiti uliofanyika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulionyesha kwamba minazi yenye maji moto wengi haisumbuliwi sana na mdudu anayefyonza nazi changa, na kwenye mikorosho wamekuwa wakitumika kwa kazi hiyo hiyo dhidi ya mbu wa mikorosho. Majaribio yaliyofanyika Ghana kwa maji moto hao hao, na Malaysia kwa ndugu zao wa Asia, yameonyesha kuwa wanaulinda na mti wa jamii ya mkangazi dhidi ya nondo wa ncha. Inaeleweka. Kiwavi anapoanguliwa huwa mdogo na laini, na hutumia muda nje kabla hajatoboa. Mti ukiwa na doria usiku na mchana, wachache ndio wanaofika ndani.

Kuwahamisha ni kazi ya alfajiri, kabla jua halijawachangamsha. Vaa mikono mirefu, jipake majivu mikononi, kata tawi lenye kiota na litumbukize zima ndani ya mfuko wa salfeti, ufunge. Chukua viota vingi kutoka mti mmoja au miti inayogusana, ili wawe wa ukoo mmoja, kwa kuwa maji moto wa koo mbili wakikutana hupigana mpaka upande mmoja uishe. Funga viota kwenye mkangazi au, vizuri zaidi, kwenye mwembe au mchungwa ulio karibu, kisha unganisha miti kwa kamba ili wapite. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuchanganya miti: mkangazi mchanga una majani machache mno ya kuwapa nyumba, wakati mwembe unawapa makazi mwaka mzima.

Adui yao mkubwa ni sisimizi wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa, wanaoishi ardhini na kupanda shinani. Wakiwa wengi, maji moto hawakai. Kabla ya kuwaleta, weka mnofu wa samaki chini ya miti kadhaa na uangalie nani anakuja kuula. Ukiwaona hao wadogo wamejaa, acha majani ya chini yaote kidogo kuzunguka shina, maana wanapenda ardhi tupu, na hakikisha maji moto wanasafiri juu kwa kamba bila kulazimika kushuka chini. Mtakubaliana pia kwamba siku ya kupogolea mtu ataumwa. Maji moto pia wanalea vidugamba, na vidugamba vikizidi mti mchanga hupata shida. Hata hivyo, nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya bomba la sumu mgongoni na maji moto mtini, siwazi mara mbili.

Kuhusu hilo bomba: sumu ya kupulizia inafika kwenye ngozi ya mti, wakati kiwavi yuko ndani ya moyo wake amejifungia kwa unga na nyuzi. Anayeweza kuuawa ni yule wa siku chache za kwanza, na mayai hutagwa wiki hadi wiki katika msimu ule ule ambao mvua inaosha kila ulichopulizia. Ungelazimika kurudia mara nyingi kwa mwaka, kwa miaka minne au mitano, kwenye miti inayokuzidi kimo. Gharama inakula faida ya mbao, na wa kwanza kufa ni hao maji moto na nyigu wanaokusaidia bure. Kitaluni peke yake, ambako miche imekusanyika na iko chini ya mkono, ndipo dawa ina maana kidogo, tena kwa ushauri wa afisa misitu au bwana shamba.

Kinachobaki ni macho na mkasi, na hapa ndipo mti unapookolewa hasa. Wakati wa masika na wa vuli pita kwenye miti mara moja kila wiki. Angalia ncha. Dalili ya kwanza ni jani moja au mawili ya juu kulegea huku mengine yamesimama imara. Tafuta tundu karibu na kikonyo, na huo unga ulioshikana kwa nyuzi, wakati mwingine pamoja na utomvu uliogandamana. Ncha iliyolegea kwa ukame haina tundu, na miti jirani itakuwa imelegea pia. Mbuzi hung'ata ncha na kuacha mkato uliochanika. Mchwa huanzia chini. Ukishazijua tofauti hizi, hukosei.

Ukipata tundu usingoje. Tumia mkasi wa kupogolea au kisu kikali, kwa sababu panga butu linachana. Kata chini ya tundu, kisha tazama moyo wa shina pale ulipokata. Ukiona mfereji mweusi, kiwavi au njia yake iko chini zaidi, kata tena kipande kifupi, na tena, mpaka moyo uwe mweupe na mzima. Malizia kwa mkato wa mshazari juu kidogo ya jicho lenye afya. Kipande ulichokata usikitupe chini, kwani kiwavi aliyekaribia kukomaa anaweza kumaliza safari yake humo na kutoka nondo. Kipasue umtoe, uwape kuku, au kusanya vipande vyote uvichome jioni ile ile.

Baada ya wiki chache mti utatoa machipukizi chini ya mkato. Yaache yafike sentimita 15 hadi 20, kisha chagua lililo nene, lililo juu na linaloelekea wima. Kama msimu wa nondo bado mkali, bakiza na la pili la akiba upande wa pili, mengine yote yang'oe kwa kidole yakiwa bado laini. Mvua zikipungua na la kwanza likiwa zima, ondoa lile la akiba bila kulionea huruma, kwa kuwa yakikua pamoja mwaka mzima utapata panda na gogo limeharibika. Chipukizi lililochaguliwa likiegemea upande, simika fito kando ya shina na ulifunge kwa kamba ya mgomba, ambayo itaoza yenyewe kabla haijakaba. Likifungwa mapema, kombo ndogo ya mwanzo hufunikwa na mbao mpya na baada ya miaka haionekani.

Matawi ya ubavuni yaondoe kiangazi, kidogo kidogo, ukiacha angalau nusu ya urefu wa mti ikiwa na majani. Mwenye haraka ya kuona shina safi huupora mti chakula, nao unachelewa kufika mita 6.

Ipo miti utakayoikuta imeshachelewa: ya miaka miwili au mitatu, iliyokatwa ncha mara nyingi bila mtu kuangalia, imejaa vichwa na haina shina. Usiing'oe. Mizizi yake ni mikubwa na ina nguvu. Mvua zinapokaribia, ikate yote kwa msumeno, sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame. Kisiki kitachipua. Chagua chipukizi moja lililotoka karibu na ardhi upande wa juu wa mteremko, ondoa mengine, na lilinde kwa mbaazi na kwa ukaguzi wa kila wiki kuliko ulivyolinda mche wa kwanza. Kwa kuwa linalishwa na mizizi ya mti mzima, litapanda kwa kasi ambayo mche wa mbegu hauwezi, na katika msimu mmoja linaweza kurudisha sehemu kubwa ya kimo kilichopotea, safari hii likiwa na shina moja.